Maziwa ya Dada

Kovu lipo. Ukifika kwa shemeji yangu, nje kidogo ya Bunda, atakunja suruali akuonyeshe, na atakwambia aliumwa na mamba. Usibishane naye. Mimi si mtu wa maneno mengi, na haya nimeyaandika kwa siku nne. Niamini tu.

Bibi yetu wa Butiama alikuwaga mkunga. Alipofariki aliniachia kisanamu cha udongo wa kijani, urefu wa kiganja. Alipewa na mtawa aliyewahi kufanya kazi Misri, kule maji ya ziwa letu yanakoishia. Ni mwanamke mwenye mimba, lakini kichwa ni cha kiboko, miguu ya simba, na mgongoni ana ngozi ya mamba. Mtawa alisema watu wa kale wa huko walimweka karibu na mzazi ili kila kibaya kimwogope. Ndani ni mtupu, na titi lake moja lina tundu kama la sindano. Kila alipokwenda kuzalisha, bibi alimtilia maziwa ya ng'ombe kwa juu, yakadondoka pale kwenye titi, tone tone.

Sharti lilikuwa moja. "Mpe ya ng'ombe tu, mjukuu wangu. Ya mzazi usimpe. Akiyaonja, atayataka yote."

Dada alipojifungua mtoto wa tatu, wa kike tena, nilikwenda kumhudumia na kisanamu changu. Siku ya tano shemeji akaingia mchana, amelewa, ameshika fimbo ya kuchungia.

"Wasichana watatu! Ng'ombe wangu atachunga nani?" Akanigeukia. "Na huyu bubu wenu, anakujaga kula ugali tu?"

Akampiga dada mgongoni huku ananyonyesha. Dada aliinama kumkinga mtoto. Mimi nilikuwa pale pale, sikusema kitu. Unajua aibu ya kuwa na mdomo usiofunguka?

"Nyamaza, mdogo wangu," dada aliniambia shemeji alipotoka, ingawa sikuwa nimesema neno. "Ataacha tu."

Sikutaka aache. Nilitaka aumie. Maziwa ya ng'ombe yalikuwepo jikoni, kibuyu kizima, sikufichi. Lakini nilitaka jambo liende haraka. Dada alikuwa amekamua yake kwenye kikombe kwa sababu matiti yalimjaa. Nikayamimina yote ndani ya kisanamu, nikalitaja jina la shemeji. Tundu halikudondosha hata tone.

Saa kumi nikachukua ndoo kwenda lamboni, ambako shemeji alikuwa ananywesha ng'ombe. Njiani nikakutana na mama mnene anatoka huko, tumbo mbele, amelowa.

"Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alinukia maziwa. Kwa haya zangu nilikuwa nimeinamisha macho, ndiyo maana niliiona miguu yake. Ilikuwa ya simba. Alipopita nikageuka. Tangu kisogoni hadi chini, mgongo ulikuwa wa mamba.

Ndipo nikasikia yowe kutoka lamboni.

Kiangazi kile maji ya lambo yalifika magotini tu. Mamba angejificha wapi? Hospitalini muuguzi alifungua kitambaa, akatazama meno upande huu, kucha upande ule, na mfupa uliosagika katikati. Akaniuliza, "Jamani, huyu kaumwa na wanyama wangapi?"

Nilijua jibu. Nikanyamaza, na safari hii kunyamaza kulikuwa kutamu.

Shemeji simwonei huruma hadi leo. Anatembelea gongo, na fimbo hajainua tena. Ingeishia hapo, ningekuwa nacheka.

Lakini jioni ile ile mtoto alinyonya, akaacha, akalia. Matiti yaliyojaa asubuhi yalikuwa yamelala kama mifuko mitupu. Maziwa hayakurudi. Mtoto tumemkuza kwa ya ng'ombe. Yu hai, ila wenzake wanatembea na yeye bado anakaa. Dada husema ile fimbo ndiyo ilimkausha. Namwacha aseme hivyo.

Kisanamu kiko chumbani kwangu, mtaa wa Nyakato. Dada akinipigia simu, nikasikia mtoto analia nyuma yake, nalitazama lile titi la udongo. Linadondosha maziwa, tone tone, ya uvuguvugu.

Wewe mwenye hasira, lipiza ukitaka, sikukatazi. Lakini lipa kwa kilicho chako. Mimi nililipa kwa cha mtoto, na bado anadaiwa yeye.