Soksi Nilizoogopa Kumvua

Wazee wa Suwaidi, kule Riyadh, walikuwa wakiniita askari. Mimi ni nesi, na kazi yangu ilikuwa kuwazungukia majumbani kabla ugonjwa haujawalaza: kupima presha na sukari, kupekua dawa, kukunja mazulia yanayoweza kuwaangusha, na zaidi ya yote kuwavua soksi wenye kisukari. Mguu uliokufa ganzi unaweza kuoza mwenyewe asihisi kitu. Mzee akininunia, nilimwacha anune. Yalla, na mguu wa pili.

Nilipohamishiwa Jeddah nikapewa bibi mmoja wa mtaa wa Al-Rawdah, wa kila Jumanne. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku na wazazi wake mwaka wa sitini na nne, akiwa mtoto. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiarabu changu cha kazini. Akanikagua kwanza.

"Wa wapi wewe?"

"Tanga, bibi."

"Sasa shikamoo yako umeiacha huko huko Tanga?"

Nikaona haya, nikamwamkia. Akanikalisha kitako, akanimiminia kahawa, akaniita mwanangu. Nilikuwa na miaka mitatu sijaitwa hivyo na mtu aliye mbele yangu. Nilipopiga magoti kumvua soksi, akaikunja miguu chini ya kanga.

"Iache. Nimetia hina juzi, mizima kabisa. Mtoto hamvui mkubwa wake soksi."

Nikacheka. Kwenye fomu nikaandika: miguu, mizima.

Jumanne ya pili nikaandika hivyo hivyo. Ya tatu nilikuta udi umefukizwa hadi macho yanawasha, nami mjinga nikadhani ni heshima ya mgeni. Ya nne vyetezo vya udi vilikuwa viwili, na bibi hakuinuka kunipokea. Sukari yake ilikuwa imepanda vibaya. Nikamuuliza binti yake, ambaye alikulia Kiarabu na Kiswahili hakijui, akasema mama analala sana, labda joto.

Haikuwa joto, na nilijua. Angekuwa mzee wa Suwaidi, ile soksi ingekuwa sakafuni kabla kahawa haijamiminwa. Lakini nilimwogopa bibi huyu. Niliogopa asije akaacha kuniita mwanangu. Nikaandika tena: mizima. Wiki nzima nikawa nashtuka kila simu inapolia.

Jumanne ya tano, tukiwa katikati ya maongezi, nzi alitua kwenye soksi yake ya kushoto. Akaja wa pili, wakatembea juu ya kidole gumba, na bibi akaendelea kunisimulia harusi ya dada yake kana kwamba mguu ule si wake. Sikuomba ruhusa. Nilishuka chini nikaivuta soksi, ikagoma, ilikuwa imeganda. Hina ilikuwa imepakwa juu ya kidonda, tabaka juu ya tabaka, na kidole kilikuwa cheusi kwa weusi usiotokana na hina.

Bibi alitazama darini. "Halas," akasema, "basi, ushaona."

Hospitali walisema mguu utakatwa chini ya goti, kesho yake asubuhi. Daktari aliuliza kwa Kiarabu ni nani aliyekuwa akiikagua miguu ya mgonjwa huyu. Binti akanigeukia. Kabla sijafungua mdomo, bibi akajibu kutoka kitandani, kwa Kiarabu kilichonyooka, kwamba nesi wake alimvua soksi kila Jumanne na mguu haukuwa na kitu. Hili limezuka juzi tu.

Kisha akanitazama, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Nyamaza, mwanangu. Watakurudisha kwenu."

Nikanyamaza. Binti yake akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa kumtunza mama.