Jenereta Ikizimika

Mume wangu ni fundi cherehani, na mimi mdomo wangu hauna breki. Jina la Jenereta nilimpa mimi, kwa sababu ya kukoroma kwake, nikalieneza mpaka wateja wakalidaka. Mbele ya mashemeji nilikuwa namwigiza: anakoroma, anakoroma, halafu ghafla anazimika, kimya. "Hapo," nawaambia, "umeme umerudi." Watu hoi kwa kicheko. Yeye anacheka nao huku anatunga uzi kwenye sindano.

Fundi huyu hakuwahi kuandika vipimo. Anakupima bega, kifua, kiuno, anaviweka kichwani, na wiki inayofuata nguo inakukaa kama umezaliwa nayo. Wenye madaftari aliwaita wanafunzi. Mwaka jana akaanza kusinzia mguu ukiwa kwenye pedali. Anampima mtu, akifika mezani na mkasi, vipimo vimeyeyuka. Siku moja alikata mikono miwili ya kushoto kwa koti la bwana harusi. Nikamfokea mbele ya mwenye koti, nikamwita zuzu. Mungu anisamehe. Kesho yake alinunua daftari, akalificha chini ya vitambaa nisilione.

Binti yetu ndiye aliyetulazimisha twende hospitali. Daktari alisikiliza, akauliza ni nani anayelala naye. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akauliza kama huwa anaacha kupumua usingizini. Mdomo wangu huu huu ukawa mzito.

"Anakoroma, kisha kimya," nikasema. "Nilidhani ndiyo amelala vizuri."

Akatueleza taratibu. Huenda kile kimya ni koo kuziba. Pumzi inakatika, oksijeni inapungua kwenye damu, mwili unashtuka, na mambo hayo yanajirudia usiku kucha. Mwili unaosumbuliwa hivyo unaweza kuwaka ndani kwa ndani, kama ngozi inavyovimba pembeni ya kidonda, na wataalamu wanachunguza jinsi hali hiyo inavyoweza kuufikia hata ubongo na kudhoofisha kumbukumbu. Hakuahidi kitu. Kwanza apimwe akiwa amelala. Ikithibitika, kuna mashine ya kumsukumia hewa puani, na huenda akapata nafuu.

"Hicho kimya umeanza kukisikia lini?" akaniuliza.

"Miaka sita."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Miaka sita mwenzangu anakabwa pembeni yangu, na mimi nageukia ukutani namshukuru Mungu kwa utulivu. Aibu gani hii! Mume wangu alikuwa ameinama, anafunga na kufungua kifungo kimoja cha shati.

Tulipotoka, alinisimamisha koridoni.

"Mama watoto, umemwambia miaka mingapi? Imenitoka."

Hakuwa ananitega. Namba ilikuwa imemponyoka kweli, na haya zimemjaa usoni kwa kuniuliza.

"Miwili," nikasema.

Akashusha pumzi, akanishika mkono. "Afadhali," akasema. "Umeniwahi."