Mlutheri Aliyejifunza Rozari

Loishiye, mkulima na mfugaji wa Ngaramtoni, ni Mlutheri tangu kuzaliwa. Alimwoa Prisca, mjane Mkatoliki, akampokea na binti yake, Diana. Miaka michache baadaye Prisca aliugua figo. Kabla hajafa alimwomba mumewe neno moja: mtoto asihamishwe kanisa.

Baada ya mazishi, Sinyati, dada yake Prisca, alikuja akitaka kumchukua Diana aende kuishi naye Sekei. "Shemeji, wewe ni Mlutheri. Utamleaje huyu?"

"Niachie kwanza," Loishiye alisema.

Haikuwa rahisi. Loishiye alipoomba kabla ya chakula, Diana hakuitikia, macho kwenye sahani. Asubuhi moja alimfuata zizini akamwambia, "Baba, unaomba vizuri, lakini mimi na mama tulikuwa tunasali rozari."

"Siijui, mwanangu. Nitajifunza."

Akaenda parokiani. Katekista alimuuliza kama anataka kubadili dhehebu. "Hapana," alijibu. "Sitaki mtoto asali peke yake."

Akawa anajifunza huku anakamua ng'ombe, akinong'ona Salamu Maria, akikwama, akianza upya. Jumanne moja wameketi kusali, akaanza matendo ya furaha, yale ya Jumatatu. "Baba! Leo ni matendo ya uchungu!" Diana akacheka, cheko lake la kwanza tangu msiba.

Kila Jumapili alimpeleka Misa ya kwanza, akamngojea, kisha yeye akawahi ibada usharikani kwake. Wenzake wa kwaya walimtania, wengine wakanuna. "Umehama, Loishiye?"

"Sijahama. Nimekabidhiwa mtoto. Nikimwangusha, nitamwambia nini Mungu?"

Siku ya Komunyo ya kwanza ya Diana, Loishiye alikaa benchi la nyuma, karibu na Sinyati. Watu walipokwenda kupokea, yeye alibaki amepiga magoti. Misa ilipokwisha Diana, na gauni lake jeupe, aliwapita jamaa wa mama yake waliokuwa wamemfungulia mikono, akaja moja kwa moja kwake.

"Baba, nimekuombea."

Loishiye akamshika kichwa, machozi yakimtoka mbele za watu bila kuyaficha.

Sinyati alikuwa anawatazama. Akasogea, akamtengenezea Diana shela iliyopinda.

"Shemeji," alisema, "sitakuuliza tena. Huyu ni wako."