Niliandika "chombo", sasa wanataka kumchoma Magokoro

Admin, jina langu lisionekane popote, nusu ya kijiji wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka 27, natoka upande wa Magwagwa, nafanya kazi ya kuchapa kwenye saiba, duka la intaneti.

Babu yangu alikuwa askari na mkalimani wa wazungu. Alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake karatasi za jeshi za miaka ya hamsini. Kumbe wakati huo kitu chenye mwanga kilionekana angani huku kwetu, wanajeshi wakaja kuchunguza, wakahoji watu mmoja mmoja, babu akitafsiri. Shahidi wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi. Huyo msichana bado yuko hai. Ni jirani yetu, mjane anayeishi peke yake. Nitamwita Magokoro tu, ndivyo tunavyoita nyanya.

Mimi na kiherehere changu nikaona hii ni hadithi tamu, nikaitafsiri kwa Kiswahili, nikaituma kwa grupu ya kijiji, jina lake likiwemo. Nikaandika, "Chombo chenye moto kilimfuata hadi kwao." Nilimaanisha chombo cha angani, kama ndege! Lakini huku kila mtoto anajua omorogi, yaani mchawi, hutembea na chungu cha moto, anafunika na kufunua. Saa moja haikuisha mtu akajibu, "Kumbe alianza akiwa mdogo." Mwingine, "Atuonyeshe hicho chombo." Nikafuta, lakini walikuwa wameshasambaza.

Jamani, huku huo si mzaha. Wazee wamechomewa ndani ya nyumba zao kwa maneno madogo kuliko hayo. Sasa hakuna anayemchotea maji, na vijana wameitisha mkutano Jumapili. Nilienda kuwaeleza hao vijana, mmoja akanikata: "Wewe nyamaza. Si babu yako ndiye alikuwa anamsemea? Mlikuwa mnaficha nini?" Mama akanivuta mkono tukaondoka. Chifu anasema atakuja akipata nafasi.

Jana nilienda kwa Magokoro nikakiri kwamba ni mimi. Hakunigombeza hata kidogo. "Mwanangu, wale askari waliniamini. Si imeandikwa? Kuja Jumapili usome mbele ya watu wote." Yeye hajui kusoma. Nilishindwa kumwambia ukurasa wa mwisho unasema nini: kwamba mtoto huyu anasema ukweli, kitu hicho kilifika kwao kweli, na jeshi halijui ni kitu gani. Vijana wakisikia hivyo, watasema ushahidi ndio huo.

Nilimsihi nimpeleke kwa dada yangu, kule Mosocho. Amekataa, anasema akikimbia watasema ni kweli. Leo nimemkuta anafua nguo yake ya kanisa ya kuvaa siku hiyo, akaniuliza kama sauti yangu itafika hadi kwa watu wa nyuma. Haki nimeogopa, silali. Ndugu zangu, niambieni leo, kesho nitakuwa nimechelewa: nisome, ama nimbebe kwa nguvu?