Chumba Tulichowekewa Muyinga

Kila ninaponusa nailoni ya godoro jipya, ile harufu kali ya dukani, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi, nimesimama mlangoni kwa shangazi yangu Muyinga, viatu vyekundu kwa vumbi. Mume wangu hunicheka. Tukienda kununua godoro yeye analibonyeza kupima ugumu wake, mimi nainama kulinusa. Basi ngoja niwaeleze, ili mkinikuta duka lolote hapa Gitega nimeinamia godoro msidhani nimechanganyikiwa.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Musinzira, hapahapa Gitega. Baba alikuwa fundi wa magari, na mwaka ule alikuwa amefufua gari moja kuukuu, rangi ya maziwa, ambalo mwenyewe alilichoka akamwachia. Wazazi wangu walikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na mimi nilizaliwa hukohuko; tuliporudi Burundi nilikuwa na miaka minne. Sasa amani ilikuwa imekaa, gari lilikuwa linawaka, na baba akatangaza tukiwa tunakula maharage: likizo kubwa hii, kiangazi kikikolea, tutatembea. Tutapitia Karuzi mpaka Muyinga kumsalimia dada yake, tukae siku tatu, turudi. Safari isiyo ya msiba wala ya harusi! Majirani waliona tumeanza kujisikia.

Furaha haikumaliza hata jioni moja, mama akasema lazima tuweke chumba gesti mapema.

"Gesti?" baba aliuliza. "Tangu lini mtu akakodi kitanda kwenye mji anaokaa dada yake?"

"Tangu sasa," mama alisema. "Sifungi mlango wangu huu kabla sijajua usiku nitalala wapi, na nani atalala wapi."

Lazima mjue uzito wa jambo hilo kwetu. Ndugu yako akilala gesti wakati nyumba yako ipo, ni kama ametangaza mji mzima kwamba humpokei. Shangazi Mariamu, dada mkubwa wa baba, hakuwahi kukimbia nchi. Wenzake walipokimbia, alikuwa ameshaolewa na fundi cherehani wa pale Muyinga, na sasa alikuwa mjane anayeheshimika mtaani kwake. Kumkosea huyo ilikuwa kumpoteza, na baba hakuwa na dada mwingine. Mama alilijua hilo vizuri sana, lakini hakulegea. Mpango wake ulikuwa tufikie gesti, tuache mizigo, ndipo twende kumsalimia Shangazi. Akiuliza, tutasema tunapita tu.

Mimi nilikuwa upande wa mama, kwa sababu zangu mwenyewe. Sikuwahi kulala gesti maishani. Nilikuwa nimeshawaambia wenzangu wa darasani kwamba kutakuwa na kioo kirefu, na maji yanayotoka juu ukutani, na sabuni ndogo ya kila mtu. Kitu kimoja nilichoogopa ni baba kushinda.

Hakushinda. Wiki mbili kabla ya safari mama alipiga simu, na hapo ndipo alipoteleza. Mwenye gesti, mzee Ramadhani, aliuliza chumba ni cha nani, na mama akamwaga kila kitu: jina la baba, jina la babu, kilima cha asili yetu kule Mutaho, fundi wa magari wa Gitega, gari rangi ya maziwa, watoto watatu, mkubwa ni wa kike. Hayo yalikuwa mazoea ya kambini. Kule, jina lako lisipoandikwa kamili unakosa mgao wa unga. Alisahau kwamba Muyinga hakuna karani wa kambi. Kuna mzee Ramadhani, aliyekuwa akishonewa kanzu na marehemu mume wa Shangazi, na ambaye hakuhitaji hata nusu ya maelezo yale.

Safari yenyewe ilikuwa tamu. Vioo vyote vilikuwa chini, majani makavu yananukia, na matanuri ya matofali yanafuka moshi kila bonde. Karuzi tulisimama gari lipumue, baba akatununulia ndizi za kuchoma na mishikaki. Wadogo zangu walilala wamenilalia mapajani, na midomo yao ya mafuta ilinichafulia gauni. Mama alifumba macho, mkoba kifuani. Nilidhani kichwa kinamuuma kwa jua.

Alasiri tukaingia Muyinga, tukasimama mbele ya gesti. Baba alizima gari, halafu akabaki ameshika usukani. Barazani, kwenye kiti cha mzee Ramadhani mwenyewe, alikuwa amekaa Shangazi Mariamu.

Hakusimama. Alitutazama tukishuka mmoja mmoja, kama anahesabu mbuzi.

"Weye, mi nilikufa?" alimuuliza baba. "Nani alikwambia mi nilikufa?"

Baba alimtazama mama. Mama alitazama chini. Mzee Ramadhani akatokea ndani, anacheka bila aibu. "Madamu, mbele ya kukata simu yako, mi nilishajua ni wageni wa nani. Nikaenda kumupa félicitations, pongezi ya kupata wageni. Chumba yenu, muulize huyu mama."

Shangazi akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akatoa ufunguo. Moyo wangu ukaruka: ufunguo wa gesti anao yeye, kwa hiyo tutalala gesti sote! Lakini aliinuka, akanishika mkono, akaanza kutembea kuelekea mtaani kwake. Nilitaka kulia. Kioo changu kilibaki nyuma.

Mama alitufuata akisema, "Wifi, tafadhali. Wifi, nisikilize kwanza."

"Nitakusikiliza. Kuja kwanza uone."

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba ambacho sikukikumbuka, cha matofali ya kuchoma, na mlango wake wenyewe wenye kufuli. Ufunguo ule ulikuwa wa kufuli hilo. Ndani mlikuwa na kitanda kipana, na juu yake godoro ambalo bado limevaa nailoni yake ya dukani, halina hata alama ya mtu kukaa. Harufu ikatujia wote.

"Iko hapa tangu myaka mbili," Shangazi alisema. "Sikuitoa nailoni. Ni kitanda yenu, mi nitaifungua aje?"

"Na wewe unalala wapi?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mi? Kwa kitanda yangu. Kule jikoni, wifi, siku hizi inalala kuku."

Mama alikaa juu ya nailoni ile, ikalia chini yake, naye akalia pia. Shangazi alikaa karibu naye, wakashikana mabega, mara wanalia, mara wanacheka. Mimi nilimwonea mama huruma kabisa. Nilijua naye alikuwa akikitaka sana kile kioo.

Nilikuwa nimeshaolewa siku mama aliponieleza. Tuliporudi kutoka Tanzania, lori lilitushusha bila sisi kuwa na pa kwenda, kwa kuwa nyumba ya Mutaho haikuwapo tena. Tulibisha kwa Shangazi tumelowa mvua. Akatupa kitanda chake, akasema yeye anapenda kulala karibu na moto kwa ajili ya magoti. Tulikaa miezi miwili. Asubuhi moja mama aliamka mapema kuteka maji, akamkuta kwenye mkeka jikoni, katikati ya kuni, anatetemeka, moto umezimika zamani. Hakumwambia kitu. Alijiapia tu kwamba mwanamke yule hatatoka tena kitandani kwake kwa sababu yetu. Ndiyo maana ya gesti.

Siku hizi tukisafiri mimi ndiye ninayepiga simu mapema, Ngozi, Rumonge, popote, na kama mama ninataja majina yote. Muyinga tu ndiko nisikopiga. Mama alijiona amewahi kuweka chumba wiki mbili kabla. Shangazi alikuwa ameshaanza kukiweka siku ileile tulipompungia mkono, miaka sita kabla, tukienda kuanza maisha Gitega, tofali moja moja, na hakutaka tumpigie simu, alitaka tufike tu.