Mkono Usiojua Moto

Alizaliwa kabla ya alfajiri, mfuniko wa sufuria ukigongagonga jikoni juu ya maji yaliyochemshwa kwa ajili ya mkunga. Mkunga alimpiga kofi alie, naye akatabasamu, ndipo mama yake, fundi cherehani, akamwita Kicheko. Alikua bila kujua maumivu ni kitu gani. Sindano ikimchoma, aliitazama damu kama mtu anayetazama ua. Majirani walisema, "Huyu kazaliwa na bahati yake," naye aliishi kama aliye ndotoni, akikichekea kila kitu.

Alipokuwa na miaka ishirini, akiwa peke yake kanisani, alisikia moyoni neno moja: "Waoshe." Tangu hapo akawa anapita nyumba za wagonjwa na beseni na taulo. Asubuhi moja alikwenda kumwosha bibi mmoja mjane aliyevunjika nyonga. Alitia mkono majini, akaona sawa, akamimina. Bibi akapiga yowe. Ngozi ya mguu ilikuwa imebabuka.

"Toka!" alisema. "Huna ubaya, mwanangu, ila huna habari. Usirudi hapa!"

Siku hiyo Kicheko alilia kwa mara ya kwanza. Akaomba, "Bwana, nipe na mimi fungu langu la maumivu." Mwili haukujibu, sindano ilimchoma vilevile asihisi. Lakini usingizi ulimpaa, chakula hakikupita kooni, kwa kuufikiria mguu ule. Akatambua kwamba amekwisha kupewa.

Kwa wiki tano alikaa mlangoni kwa bibi kila asubuhi na beseni lake. Binti wa bibi alimtolea kigoda, akakubali kumpimia maji kwa kiwiko. Hatimaye sauti ikatoka ndani: "Mwache aingie, ananizibia mwanga!"

Akamwosha polepole, akiuliza kila mara, "Yanafaa, bibi?"

"Yanafaa. Na vidole usivisahau." Kisha bibi akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Zamani ulikuwa unacheka tu. Leo ndiyo umefurahi, mjukuu wangu."

Aliwaosha wagonjwa miaka thelathini na mmoja, akalala katika Bwana mwezi wa nane, asubuhi. Waliooshwa naye husimulia kwamba maji yake hayakupoa hadi afikie mgonjwa wa mwisho. Sisi tuliojaliwa mikono inayohisi, tujifunze kwake kuuliza kabla ya kugusa.

Binti yule wa bibi sasa ni mzee, naye haondoki kitandani. Kuna asubuhi huamka miguu yake ina joto kama iliyooshwa sasa hivi, ingawa shuka ni kavu. Hapo hukiambia chumba kitupu, "Asante, mdogo wangu. Pita na kesho."