Alinichukua Kama Mwanawe, Leo Anasema Sijawahi Kumfanyia Kazi

Admin, nifichie jina, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina mtoto mmoja, analelewa na mama yangu Misima, Handeni. Napika kwenye hoteli ya barabarani Kabuku, zile ambazo mabasi yanasimama ili abiria wapate kula. Na nyie wa "vumilia dada, ajira ngumu", piteni tu, leo sina hamu na nyie.

Mwenye hoteli namwita Mama Mkubwa. Ni wa ukoo wa mama yangu, undugu wenyewe wa kuhesabu mpaka uchoke. Yule mama haajiri mtu, anaomba. Anakuja kijijini na mchele na sukari, anakaa mkekani na wazazi, anaongea Kizigua kitamu ambacho hotelini humsikii nacho, anaomba binti kama anaposa. Ndivyo alivyoniomba mimi miaka sita iliyopita. "Huyu ni mwanangu, nikila mimi na yeye atakula," akamwambia mama. Mama akafurahi, nani angekataa?

Basi nikawa mwanawe. Mwana anachemsha supu kabla ya adhana, mwana anakaanga kuku mpaka basi la mwisho liondoke, mwana anawapakulia dereva na konda bure ili kesho walete abiria tena. Mshahara? Mwana analipwa mshahara jamani? Anapewa chochote biashara ikiwa nzuri, na ikiwa mbaya anaambiwa, "Si unakula hapa, unalala hapa?" Nikidai, ananinunia, kisha anampigia mama kumwambia nimebadilika, nimepata bwana. Mama ananipigia analia, nami narudi jikoni. Baba alipofariki, Mama Mkubwa alikodi gari, akaja na masufuria yake, akapikia msiba mzima na kulala chini na kina mama wa ukoo. Hilo nalikubali, na ndilo lililonifunga mdomo muda wote huo.

Sasa imefunguliwa loji mpya Korogwe mjini. Wanatafuta mpishi: mkataba wa maandishi, mshahara wa kila mwezi, zamu ikiisha unaenda kulala. Nikaenda, wakanipikisha. Meneja, kaka mmoja mstaarabu, akala akasema, "Dada, mkono unao. Nataka tu mwajiri wako athibitishe. Bosi wangu hachukui mtu ambaye hajulikani alikotoka." Nikampa namba. Akapiga nikiwa nimekaa palepale, akaweka spika.

Wallahi nilisikia kwa masikio yangu. "Huyo? Huyo mtoto wa ndugu yangu, nimemchukua kumsaidia tu. Hajawahi kuwa mfanyakazi wangu. Kupika? Huyo anaoshaosha vyombo." Halafu akacheka! Meneja akaniangalia kama tapeli. Akaniambia nafasi ataishikilia kidogo, nikipata mtu wa kunithibitishia nirudi.

Nikarudi Kabuku nimevimba. Nikamkuta kaunta, nikamuuliza mbele ya wateja, "Mama Mkubwa, mimi ni muosha vyombo?" Hata aibu hakuona. "Punguza sauti. Ulitaka niseme nina mpishi ambaye simlipi, ofisi ya kazi waje wanifungie? Na ukiondoka wewe, hapa atapika nani?" Mmesikia? Kumbe anajua! Siku zote hizo za "mwanangu, mwanangu" alikuwa anajua anachofanya. Mtu wa namna hiyo mnamwitaje nyie? Mimi matusi yameniishia.

Juzi mama kanipigia ana furaha. Mama Mkubwa alikuwa nyumbani, amemwomba mdogo wangu wa kike aliyemaliza kidato cha nne, na mama amekubali. Nikamweleza mama kila kitu, hadi ile simu ya lojini. Nikamwambia nakwenda kumshtaki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yule ndiye aliyetupikia msiba wa baba yako. Ukimpeleka serikalini, njoo umchukue mwanao, na hapa kwangu usikanyage tena." Akakata simu.

Kuondoka nitaondoka, hilo siombi ushauri. Kuna madereva wawili wamekula chakula changu miaka yote, wako tayari kunisemea lojini na hata ofisi ya kazi. Lakini nikienda kushtaki nampoteza mama, na mtoto sina pa kumweka wakati ndiyo kwanza naanza kazi ugenini. Nikinyamaza, nikajiondokea zangu Korogwe, mdogo wangu anaingia jikoni mahali pangu. Anashuka Kabuku Jumatatu. Ameshafunga begi, ananitumia meseji za furaha kwamba tutakuwa tunalala chumba kimoja, na mimi hata kumjibu nashindwa.

Mliowahi kutumikishwa na ndugu zenu, nyie ndio nataka mniambie. Nimpoteze mama au nimwache mdogo wangu aingie? Nishaurini haraka, Jumatatu ndiyo hiyo.